Masika Niliyolala Dunguni

9 Machi

Muuguzi wa Korogwe aliniambia ninunue daftari, niandike kila siku nimevuja mkojo mara ngapi na kama asubuhi kuna dalili yoyote huko chini. Daftari nimenunua. Ya kuvuja nitaandika siku nikipenda. Nina mengine ya kuandika, na hapa Misima hakuna mtu ninayeweza kumwambia tusiishie kutukanana.

Mwezi wa kumi nilipasuliwa Dar es Salaam. Tezi dume ilikuwa na saratani, wakaitoa yote. Watu wa hapa nimewaambia ilikuwa ngiri. Anayejua ukweli ni mke wangu Mashavu peke yake, maana yeye ndiye aliyekuwa akimwaga mfuko wa mkojo na kuosha mpira wake bila kukunja uso. Saratani anaijua. Kwamba tangu siku ile mwili wangu umelala kuanzia kiunoni kushuka, hilo sijamwambia na sina mpango.

Anayenifuatilia Korogwe ni Daktari Efrazia, mwanamke wa rika la binti yangu. Juzi alinieleza huku ananitazama machoni, bila haya. "Mishipa ya fahamu ya huko iliguswa, mzee. Upande mmoja wameuokoa. Inaweza kuchukua mwaka, hata miwili. Zipo dawa, lipo na zoezi. Lakini njoo na mama tuzungumze wote." Nikamwambia mama ana shughuli. Akasema mficha uchi hazai. Nikamjibu nina watoto watatu, wananitosha.

Sikumpenda. Hata kalamu yake sikuipenda.

12 Machi

Leo nimeapa. Bado nina hasira, au kitu kingine nisichotaka kukitaja.

Tangu alasiri nilimwona Mashavu anafukiza udi chumbani. Akaoga, akavaa dera la kijani alilotumiwa na binti yetu Yusra. Miezi mitano hajaniuliza kitu. Leo nikajua ananiuliza. Jua lilikuwa linashuka na mimi nalitazama kama mshtakiwa anayesubiri kuitwa jina.

Tulifuturu uani wanne: mimi, yeye, kaka yake Jabiri mwenye mashine ya kusaga, na jirani yetu Bibi Rukaya, ambaye ukimnong'oneza jambo Misima asubuhi, jioni unalisikia Handeni mjini. Nikaonja muhogo. Chumvi ilikuwa sawasawa. Nikasema imezidi.

"Imezidi wapi, Baba Yusra?" Mashavu akauliza. "Mbona wenzako wanakula?"

"Wenzangu hawajaoa mwanamke asiyesikia."

Jabiri akacheka, akidhani natania. "Shemeji, swaumu imekupanda kichwani. Kula tende kwanza."

Ningeweza kula tende. Ningeweza kunyamaza. Lakini Mashavu alikuja kuninawisha mikono, harufu ya udi ikanijia puani, nikaona usiku wote ulivyo mbele yangu. Nikasimama, nikasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Wallahi, wewe mwanamke sikukaribii tena mpaka mahindi yaingie ghalani!"

Mahindi yenyewe hata hayajaota.

Bibi Rukaya aliweka kikombe chini taratibu sana. Jabiri aliacha kutafuna. Mashavu hakulia. Alinitazama, kisha akakusanya vyombo vya watu ambao walikuwa hawajamaliza kula.

Nimechukua blanketi nimehamia dunguni, kibanda cha kulindia mazao kule shambani. Nguruwe pori wapo, na mwanamume anayelinda shamba lake haulizwi. Mpaka Julai, pengine Agosti, hakuna wa kunidai kitu. Kusema kweli nimejiona mjanja.

19 Machi

Mvua. Blanketi limelowa. Na mimi nimevuja, ila nani atatofautisha.

1 Aprili

Jana Idd. Baada ya swala wanaume walinitania, "Mzee Mhina, mahindi yanaendeleaje? Yamefika magotini?" Wakacheka, nami nikacheka, tena nilifurahi. Kwao mimi ni dume lenye msimamo lililomkomoa mkewe. Hakuna hata mmoja aliyewaza jingine.

Mashavu nilimwona upande wa wanawake. Alipokaribia, mazungumzo yalikatika. Alipopita, yaliendelea. Nikasema moyoni hayo ni ya wanawake, hayanihusu.

Chakula analeta. Anaweka bakuli juu ya jiwe, anapiga kofi moja kunijulisha, anaondoka. Hasemi kitu. Kuna siku natamani anitukane.

14 Aprili

Korogwe. Damu imepimwa, saratani haionekani. Daktari Efrazia akafurahi kuliko mimi. Akanipa vidonge, akanifundisha zoezi la kubana kama unazuia mkojo, unahesabu, unaachia. Nimefika miaka hamsini na tisa nafundishwa kukojoa.

"Na mama?" akauliza.

"Amesafiri."

"Mara ya kwanza ulisema ana shughuli."

"Ndiyo shughuli aliyosafiria."

Sikushuka Handeni wala sikurudi nyumbani moja kwa moja. Nilipanda basi la kwenda juu nikafika Mombo, mahali ambapo hakuna anayenijua, nikanunua mkuyati kwa muuza dawa wa stendi. Aliniambia kwa sauti, abiria wakila mahindi ya kuchoma pembeni, kwamba ng'ombe dume akionja maji yake huvunja zizi. Nilikunywa kikombe kizima palepale. Moyo ulinienda mbio mpaka Korogwe, masikio yakawaka. Kilichosimama ni nywele tu.

22 Aprili

Parit, mfugaji wa ng'ambo ya korongo, amekuja kuomba radhi. Ndama wake waliingia kwenye mahindi yangu. Alipomaliza kuomba radhi alilitazama dungu, sufuria yangu, na nguo nilizoanika. "Mzee, nguruwe ndio wengi, au mama ndiye mkali?" Nikamwambia achunge ng'ombe wake, mke wangu nitamchunga mwenyewe.

"Kwa kumchungia huku?" akasema, akaondoka zake.

6 Mei

Msaragambo wa palizi shambani kwangu. Wamekuja kusaidia wanawake wengi na wanaume wachache, Mashavu akapika. Palizi ina nyimbo zake, na mwimbishaji ana ruhusa ya kumchoma yeyote. Nilijiandaa. Nilijua ni zamu yangu.

Haikuwa yangu. Bibi Rukaya alianzisha wimbo wa mwanamke ambaye mumewe alimkimbia akaenda kulala na nguruwe, na kila kiitikio kiliuliza: ana nini huyu mwanamke, ananuka nini huyu mwanamke? Jembe linashuka, wanaitikia. Jembe linashuka, wanaitikia. Mashavu alikuwa kwenye mstari uleule anapalilia nao, na kwa kuwa ni desturi, hakuwa na ruhusa ya kukasirika. Akaitikia na yeye.

Nilikuwa nimesimama kwenye kivuli cha dungu na jembe langu. Ningesema neno moja ule wimbo ungekufa. Sikusema.

Jioni nilimchukia Bibi Rukaya. Kisha nikawachukia walioitikia. Nikaendelea kuchukia kwa mpangilio mpaka nikabaki mimi, hapo nikalala.

10 Mei

Mvua. Nguruwe wameangusha mistari miwili upande wa korongoni. Dungu langu lipo upande wa nyumbani.

19 Mei

Jabiri amekuja dunguni na uso wa mazishi.

"Shemeji, tumekaa kama familia. Mwanamume hawezi kumwapia mke mzuri namna ile bure bure. Tunaona dada yangu ana jini mahaba. Jini amejifanya mume, ndiye anayekufukuza wewe chumbani bila wewe kujua. Yupo mganga Mkata, anasifika. Tunaomba ruhusa yako tumpeleke."

Nilimtazama huyu mtu. Ana mashine mbili, ana simu kubwa, anaamini mke wangu ameolewa na jini. Na mimi hapa, mwenye jini lenyewe ndani ya suruali, nilipewa nafasi ya kusema hapana. Ilikuwa imeletwa hadi miguuni pangu.

"Yeye mwenyewe anasemaje?" nikauliza.

"Kasema tukuulize wewe. Ukisema aende, ataenda."

Nikasema aende.

24 Mei

Amerudi. Leo alipoleta chakula upepo ulikuwa unatoka kwake kuja kwangu, ananuka moshi wa madawa. Kanga ilimteleza begani nikaona chale, mbichi bado, tatu kila upande chini ya mtulinga. Wamempaka unga mweusi.

Nilisema, "Pole."

Hilo ndilo neno la kwanza tangu Machi. Alisimama. Alisubiri. Nafikiri alisubiri muda mrefu, kwa sababu nzi walishaanza kutua kwenye bakuli. Mimi nikachukua bakuli nikaanza kula. Akaondoka.

Miaka thelathini nimeamini kwamba Mashavu ni mwanamke mpole asiye na mengi kichwani. Leo nimeanza kumwogopa.

2 Juni

Sijavuja siku nne. Hakuna wa kumwambia.

15 Juni

Alfajiri, kabla ya adhana, niliamka nikakuta dalili. Si ya kujivunia, hata mtu mwenye huruma angeiita jaribio. Lakini ilikuwepo. Nilikaa kimya kama mtu aliyeona swala wa porini karibu, nisije nikamshtua. Ikaondoka.

Nikaangalia upande wa nyumbani. Moshi ulikuwa unatoka jikoni kwake. Kitu cha kwanza nilichotaka ni kwenda kumwambia, na nikakumbuka siwezi kumwambia kinaanza kurudi kabla sijamwambia kilikwenda.

28 Juni

Mahindi yanakauka vizuri. Mwaka huu naona kila kitu kinakauka haraka.

11 Julai

Shehe Sharifu, imamu wetu, ameniita barazani kwake baada ya Ijumaa. Nilikuta Jabiri ameshakaa, na Mashavu nyuma yake kajifunika. Nikajua nimekamatwa, ila sikujua kwa kosa gani.

Shehe ni mtu wa maneno machache. "Mhina, uliapa kwa jina la Mungu kutomkaribia mkeo?"

"Niliapa mpaka mahindi yaingie ghalani. Bado yako shambani."

"Mungu hakukuwekea mahindi. Amekuwekea miezi minne. Anayemwapia mkewe hivyo, miezi minne ikipita, mke ana haki ya kudai. Ama urudi kwake na utoe kafara ya kiapo, ama umwache. Kumning'iniza huwezi. Miezi minne imepita wiki hii, na ndugu yake amekuja kudai."

Nikamgeukia Jabiri. "Juzi ulikuwa unatafuta jini, leo umekuwa mwanasheria?"

"Jini tumemtoa, shemeji," akasema. "Kilichobaki ni wewe."

Shehe akainua mkono. "Ipo njia ya tatu, ya mwenye udhuru. Aliye mgonjwa asiyeweza, harudi kwa mwili, anarudi kwa ulimi. Anasema mbele ya mkewe na waliopo: nimerejea, na nikiweza nitarejea kwa vitendo. Hapo ndoa inasimama. Una udhuru, Mhina? Una maradhi?"

Waliniangalia wote. Pamoja na kujifunika kote kule, macho ya Mashavu niliyaona. Hayakuwa yakiomba. Yalikuwa yanangoja tu kuona nitafanya nini.

"Nilikuwa na ngiri," nikasema. "Nimepona. Sina udhuru."

"Basi nakupa mpaka keshokutwa. Urudi au uache."

Nimerudi dunguni na nimepiga teke sufuria mpaka ikabonyea. Niliapa nisije nikasema hayo maneno, sasa kiapo kinanitaka niyaseme hayohayo, tena mbele ya Jabiri. Nimelaani kiapo. Nimemlaani Shehe, astaghfirullah. Nimemeza kidonge cha Efrazia nikakaa kusubiri. Hakuna. Kidonge kinataka moyo uliotulia, alisema yule binti, na mimi moyo wangu unapiga watu mawe.

13 Julai

Nimeyasema.

Nilitaka kumwacha. Nilikwenda na neno la talaka mdomoni, nimelipanga tangu alfajiri: afadhali mtu aliyeacha kuliko mtu asiyeweza. Nikaingia barazani, nikakaa, na Mashavu alikuwa anajikuna kidogo chini ya bega, pale kwenye chale, kwa kidole kimoja, bila kujijua. Neno likanikwama.

"Shehe," nikasema, "ninao udhuru. Haikuwa ngiri. Ilikuwa saratani ya tezi dume, na tangu wanipasue siwezi. Nimerejea kwa mke wangu. Nikiweza, nitarejea kwa vitendo."

Sauti ilinitoka nyembamba, nikaichukia. Jabiri aliinamisha kichwa, akatazama vidole vyake vya miguu kama havijui. Shehe akasema alhamdulillahi, ndoa imesimama, Mungu akuponye. Nikadhani yamekwisha. Nilianza hata kunyanyuka.

"Bado," Mashavu akasema.

Akafunua uso.

"Nilijua, Baba Yusra. Nilijua kabla hujatolewa wodini. Nilimuuliza daktari wa Dar mwenyewe, akaniambia itakuwa hivi, nisikuharakishe. Siku ile nilifukiza udi ili nikwambie tulale tu, tukumbatiane, basi. Ukaniapia kwa sababu ya muhogo."

"Mama Yusra..."

"Sijamaliza. Wameniimbia nanuka, nikaitikia. Wamenichanja, nikakaa kimya. Ningesema neno moja, 'mume wangu hawezi,' wangeniacha. Sikulisema. Lilikuwa lako. Kila siku nikileta bakuli nasema leo atalisema. Umelisema leo, baada ya kukabwa, kwa Shehe. Sasa nakuuliza, hivi viapo vyako unavipiga hadi barabarani, na ukweli unausemea hapa barazani, mbele ya watu wawili?"

Shehe alikohoa. "Mama, kisheria amerejea."

"Yeye amerejea, Shehe. Mimi sijarejea."

Amekwenda kwa Jabiri. Alichukua mkeka na nguo. Dera la kijani kaliacha kwenye kamba.

16 Julai

Nyumba nzima ni yangu na sijalala humo. Nimempigia Yusra aongee na mama yake. Akaniambia, "Baba, na wewe una mdomo." Akakata.

20 Julai

Nilikwenda mashineni kwa Jabiri saa nne, saa ambayo foleni ya unga ni ndefu. Wanawake walikuwepo wote, wale wa palizi, Bibi Rukaya amekaa juu ya debe lake kama mwenyekiti. Nilimwambia Jabiri azime mashine.

"Shemeji, kuna watu."

"Ndiyo maana."

Akanitazama, akazima. Vumbi la unga likaanza kushuka. Nilihisi tone moja likinitoka; nikasema liwalo na liwe.

"Mashavu hana jini," nikasema. "Hajawahi kuwa nalo. Mimi nilikuwa na saratani, nilipasuliwa, na mambo ya chumbani siwezi. Niliapa ili msijue. Mliyemwimbia siye."

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko, nilikuwa na matusi ya kila mmoja wao tayari, na hakuna aliyenipa nafasi ya kuyatumia. Bibi Rukaya alishika shavu.

"Na wewe jambo hilo ndilo lililokulaza na nguruwe masika nzima?" akasema. "Marehemu wangu alikaa hivyo miaka saba. Tulikuwa tunacheza bao." Kisha akawageukia wenzake, na sauti ikamshuka. "Na mimi ndiye niliyeanzisha ule wimbo."

Mashavu alitoka nyuma ya nyumba, mikono ina povu la sabuni. Alikuwa amesikia yote.

"Umesahau moja," akaniambia.

"Lipi?"

"Waliimba nanuka."

Mbele ya wanawake wote wale, na Jabiri, na mwendesha pikipiki aliyekuwa anasubiri abiria, nikasema: "Na hanuki. Hajawahi kunuka."

Alifuta mikono kwenye kanga, taratibu, kidole kwa kidole. Nikamwomba turudi nyumbani. Nilimwambia kuna zoezi, kuna vidonge, mwezi uliopita kulikuwa na dalili. Nilisema mpaka ya dalili, watu wanasikiliza. Hayo ndiyo yaliyomgusa, nadhani, maana mdomo ulimcheza kidogo upande mmoja, kisha akaurudisha.

"Nimefurahi umepata nafuu," akasema. "Nenda nyumbani, Mhina. Mimi nitakuja hasira zikiisha. Lini, siapi."

Miaka thelathini hajawahi kuniita kwa jina.

Jabiri akawasha mashine. Nikaondoka kwa miguu. Njia nzima nilikuwa na hasira naye, na njia nzima nilijua ana haki.